Siku Severini Aliponiita Kaka

Severini Mkude ni mtani wangu, kwa hiyo msitegemee nimsifie. Mimi ni Yeremia, Mnyamwezi wa Urambo, na yeye ni Mluguru wa Nyandira, huko juu milimani ambako mtu akidondosha kabichi shambani kwake anakwenda kuiokota kwa jirani. Mababu zetu walitaniana, na sisi wawili tumeufikisha utani mahali ambapo mababu wenyewe wangetuomba tupumzike. Asubuhi akiniona ananiuliza, "Mpagazi, bado hujafa?" Namjibu, "Nakusubiri utangulie, mzee kabichi, nilale kaburini mwako mpaka ndugu zako wanikomboe." Mgeni akitusikia hudhani tutapigana.

Na mtani, kama mjuavyo, akichukua kitu chako huwezi kununa. Nina kofia ya pama niliyotoka nayo kwetu. Severini ameshainyakua kichwani mwangu mara tatu, na mara zote tatu nimeikomboa kwa jogoo. Ana vidole vyepesi, shetani yule.

Maji hakuzaliwa nayo. Mpaka anatimiza miaka hamsini alikuwa analima kabichi na njegere kwenye makorongo ya Nyandira. Huko kwao ardhi inafuata upande wa mama. Mashamba aliyolima yalikuwa ya ukoo wa mkewe, na mkewe alipofariki, bila mtoto, wakwe walimwambia kwa upole tu kwamba mabinti zao nao wanahitaji pa kulima. Hakugombana nao. Alifunga jembe na blanketi, akamshika mbuzi wake mmoja kamba, akateremka hadi hapa Mindu, kwenye bwawa, akanikuta nashona nyavu.

"Nifundishe kuvua," akasema.

"Mluguru na maji wapi na wapi?"

"Kama Mnyamwezi ameweza, hata mbuzi huyu ataweza."

Nilicheka mpaka sindano ikanidondoka. Nikamfundisha. Huu mwaka wa nane sasa, na nakiri, maana mwenyewe hayupo hapa kunisikia, kwamba amekuwa mvuvi mzuri. Isipokuwa mambo mawili yalimshinda: kuogelea, na kuacha tabia ya mlimani. Kule kwao mtu akiteremka na mbuzi hujizungushia kamba kwenye kifundo cha mkono, ili vidole vibaki huru kushika mzigo na kujishikilia kwenye majani. Basi yeye na mshipi anafanya hivyo hivyo! Nimemgombeza mara mia. "Mshipi ushike kwa vidole, bwana, uweze kuuachia. Samaki si mbuzi!" Ananijibu, "Kilichofungwa hakipotei." Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, na huyu ni Mkristo, sijui angefaidi lini.

Mwezi wa sita mwaka huu dada yake, Cecilia, alikuwa anamwoza binti yake Catherine. Kwa Waluguru mjomba si mtu wa kukaa nyuma kwenye viti vya plastiki. Binti hatoki nyumbani bila mjomba kusimama na kumkabidhi. Severini alijiona mrefu. Akaahidi kuleta kitoweo cha meza ya wazee, kambale mzima, mkubwa kiasi cha kubebwa na watu wawili.

Sasa, ng'ambo ya bwawa letu, kwenye matete, kuna kambale mmoja ambaye sisi tunamwita Papa. Si papa, papa wako baharini na wakifika Morogoro wanafika wakavu, sokoni. Lakini huyu amekata mishipi ya watu wengi mno, ndiyo tukampa jina hilo. Jumatano tukiwa kwa Maimuna, mama anayetuuzia chai na chapati hapa mwaloni tunapoegesha mitumbwi, Severini akatangaza kwamba Catherine ataolewa kwa Papa.

Nikamcheka mbele za watu. "Wewe? Bila Mnyamwezi humpati hata dagaa!"

Watu wakaangua kicheko. Yeye alitabasamu kidogo, akainama kwenye kikombe chake. Niliona kwamba limemwingia, na sikunyamaza. Niliongeza na mengine. Hilo linaniuma mpaka leo, nalisema waziwazi.

Alhamisi alfajiri akaenda peke yake. Alianza ukingoni, akirusha ndoana akiwa amesimama kwenye tope, akapata perege wawili wadogo kama viganja. Jua lilipochomoza juu ya milima akaona anachelewa, akachukua kile kimtumbwi chembamba cha mtu mmoja, kile ambacho ukikipanda unaona hata kukohoa ni hatari, akapiga kasia mpaka kwenye matete. Mshipi wake ulikuwa na ndoana mbili, moja ameiwekea kipande cha sabuni na nyingine utumbo wa kuku. Na mshipi, bila shaka, ameuzungusha kifundoni. Mkono wa kulia.

Papa akala sabuni.

Hayo mengine alinisimulia baadaye. Anasema mtumbwi ulivutwa mbele wenyewe, kasia likamponyoka likaenda zake. Alipigana na samaki yule muda mrefu, akafaulu kumsogeza mpaka ubavuni, akakiona kichwa chake, kipana kama ungo. Alipoinama kumshika, samaki akajirusha. Ile ndoana ya pili, yenye utumbo, ikamwingia kwenye kiganja karibu na kidole gumba ikatokea upande wa pili. Sasa fikiria mwenyewe: upande huu wa mshipi kuna kambale, upande huu kuna Severini, na kila samaki akivuta, nyama ya mkono inachanika. Mshipi wenyewe umezama kifundoni, hawezi kuufungua kwa mkono mmoja. Kisu amekiacha ukingoni na wale perege. Mtumbwi unaegemea, unachota maji, na mkono wa kuyatoa ndio huo ulioshonewa samaki. Kuogelea hajui.

Simu alikuwa nayo shingoni kwenye mfuko wa nailoni. Akaniita mimi.

Mimi nilikuwa kwa Maimuna na chapati yangu ya pili. "Yeremia," nikasikia, "ndoana imenishika, nakufa huku."

"Kufa upesi nirithi mtumbwi!" nikamjibu, nikakata.

Msinihukumu kabla hamjasikia. Mwezi mmoja nyuma alikuwa amenipigia simu vivyo hivyo, analia kwamba mamba amemkaba. Nilikimbia bila viatu, nikajikata unyayo kwa gamba la kombe, na nilipofika nikamkuta anachoma mahindi, anasema, "Karibu, mpagazi, leo umekimbia vizuri kuliko babu yako." Kwa wiki nzima mwalo wote ulinicheka. Kwa hiyo niliposikia "nakufa", nilisema moyoni, thubutu, leo hunipati.

Simu ikaita tena. Nikaipokea nikiwa natafuna. "Yeremia, damu inatoka nyingi."

"Ikinge, tupikie!" Maimuna naye akacheka mpaka chai ikamwagika.

Mara ya tatu simu iliita kwa muda. Nilitaka kuiacha. Maimuna akasema, "Pokea bwana, mchekeshaji huyo." Nikapokea.

"Kaka Yeremia," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Naomba unisamehe kwa yale ya mamba. Niko kwenye matete, ng'ambo. Tafadhali, kaka, ukiweza kuja, njoo. Kama hutanikuta, mwambie Catherine mjomba alikuwa njiani."

Nikasimama wima. Miaka minane, ndugu zangu, mtu huyu hajawahi kuniita kaka. Hajawahi kunambia tafadhali. Ameniita mpagazi, punda, mla nta, pipa tupu. Siku niliyougua malaria nusura niende, alikaa kitandani kwangu akinipimia kaburi kwa kamba ya mbuzi, na ndivyo nilivyojua nitapona. Mtani hakuheshimu ukiwa mzima. Niliitupa chapati, nikasikia Maimuna anasema, "Ya Rabi, kuna nini?" nami tayari nasukuma mtumbwi wangu majini.

Sijawahi kupiga kasia namna ile. Bwawa lilikuwa pana siku hiyo, lo! Nilikuwa naomba kwa sauti, na katikati ya maombi namtukana, na katikati ya matusi nalia. "Mungu, usimchukue huyu mjinga. Sina mwingine. Usimchukue akiwa amenikosea, nani atanilipa?"

Nikamkuta. Mtumbwi umejaa maji mpaka umebakiza vidole viwili uzame, yeye ameukumbatia mti mmoja mkavu kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia umenyooka majini, unavutwa. Midomo imekuwa ya kijivu. Alinitazama tu. Nikamshika kwapani, nikatoa kisu, nikakata mshipi kati ya mkono na samaki. Maji yakachemka mara moja, mkia ukapiga ubavu wa mtumbwi wangu, halafu kimya.

"Umemwachia?" akaniuliza kwa taabu.

"Nimemwachia."

Akafumba macho. Nilimvuta kwenye mtumbwi wangu, nikamfunga mkono kwa shati langu, nikageuza. 

Bajaji ilitufikisha mjini hospitali kabla ya saa nne. Wakamwingiza ndani. Cecilia alifika kutoka Nyandira mchana, na kanga zake za harusi bado ziko kwenye mfuko, akakaa nami kwenye benchi. Daktari alitoka akatuambia damu imesimama na maisha hayana shaka tena. Nilimshukuru Mungu mpaka nikaona aibu. Kisha akasema ndoana ilipita karibu sana na mishipa ya vidole, na kwamba watajua kama mkono utafanya kazi pale ganzi itakapoisha. Mkono wa kulia. Mkono wa jembe, wa kasia, wa sindano ya nyavu. Mzee wa miaka hamsini na minane asiye na shamba wala mtoto, anaishi kwa mkono. Mimi ndiye niliyemwambia hapati hata dagaa.

Jioni wakaturuhusu kumwona. Amelala, mkono umeviringwa bandeji, ncha za vidole tu ndizo zinaonekana, zimevimba. Nilisimama kando ya kitanda nikiwa nimevaa kofia yangu. Nilikuwa nimepanga cha kumwambia, yote yamepotea.

"Pole sana, mzee Severini," nikasema. "Mungu atakusaidia. Sote tunakuombea."

Macho yakamtoka pima. Akamgeukia dada yake. "Cecilia! Daktari amekwambia nini? Usinifiche!"

"Amesema utapona, kaka."

"Mwongo! Kama nitapona, mbona huyu Mnyamwezi ananiombea?" Alikuwa anatetemeka kweli, si mzaha. "Yeremia, sema ukweli. Nakufa?"

 Machozi yakanitoka mbele ya wagonjwa wote. Nikasema, "Hufi, kabichi wewe. Ukifa, kaburi gani litatosha kichwa kama hicho? Samaki amekuvua, Severini! Tangu Mungu aumbe maji, ni wewe wa kwanza kuvuliwa na kambale, tena kwa ndoana yako mwenyewe!"

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akashusha pumzi ndefu, na mabega yake yakalala kwenye mto. Kwenye kitanda cha jirani mtu alicheka.

"Ahsante," akasema. "Ulinitisha sana, pipa tupu. Hebu inama, nikwambie kitu cha siri."

Nikainama. Mkono ule wenye bandeji ukanyanyuka polepole, unatikisika. Kidole cha shahada kikajikunja. Cha kati kikafuata, na cha pete, na kidogo, na mwisho kabisa, huku amekaza meno na jasho linamtiririka, kidole gumba kikasogea kuvikuta vingine. Vikakamata ukingo wa kofia yangu ya pama. Akaivuta, akaiweka kifuani pake.

"Faini ya kuchelewa," akasema. "Na ya samaki wangu."

Cecilia alipiga kigelegele mle mle wodini, nesi akaja mbio kumnyamazisha.

Jumamosi, Nyandira, mjomba alisimama mbele ya watu akamkabidhi Catherine, mkono mmoja kwenye bandeji, kichwani kofia ya Mnyamwezi. Meza ya wazee ilikula papa mkavu wa sokoni, nilimnunua mimi, na kila aliyekula aliambiwa kwamba kambale aliachiwa na mpagazi mmoja mwoga. Nilikaa nyuma kwenye viti vya plastiki, jua linanichoma upara. Majogoo ninao sita nyumbani. Kofia sijaikomboa mpaka leo, wala sina haraka.