Vioo Alivyopachika Bibi Minza

Mama yangu Lukresia ana miaka sabini na sita, goti moja bovu, na ulimi ambao mawifi zake wote wameuonja. Amelima pamba Lagangabilili maisha yake yote na hajawahi kuomba kupelekwa popote. Mwezi uliopita aliomba. Alisikia kwamba ikulu ya zamani ya mtemi, ambayo sasa ni makumbusho, inakarabatiwa, na vioo vyake maarufu vitabanduliwa.

Vioo hivyo alivipachika bibi yangu Minza, mkandikaji wa nyumba. Mama, akiwa mtoto, ndiye aliyempa vipande kimoja kimoja ukuta ukiwa bado mbichi.

Nilimpeleka. Tulimkuta mwongoza wageni, Machibya, kwenye ukumbi wa mtemi pamoja na fundi aliyeshika tindo. Kuta mbili za pembeni zilimetameta, lakini vioo vyote vilikuwa chini, usawa wa goti, tena vimeinamishwa upande mmoja.

"Aliyevipachika hakuwa na kipimo," Machibya alitucheka. "Mgeni akisimama haoni hata kidevu chake. Tunavipandisha watu wapige selfi."

Mama alifura. Nami damu ilinichemka, sikufichi.

"Asiyejua maana haambiwi maana," alisema, "lakini wewe nitakuambia, maana unamcheka mama yangu!"

Akamweleza. Humu watu walihukumiwa wakiwa wamepiga magoti, macho chini. Kumtazama mtemi usoni kulikuwa utovu wa adabu. Minza mwenyewe alipiga magoti hapa siku ng'ombe wa marehemu mume wake walipopewa shemeji zake. Alitoka bila kujua kama mtemi aliyemnyang'anya alimwonea huruma au alikuwa anapiga miayo. Mwaka uliofuata akaitwa kuukandika ukumbi huu huu.

"Kaa kwenye kile kiti," Mama aliamuru.

Machibya alikaa kwenye kiti cha mtemi, anachekacheka. Mama akapiga magoti katikati ya ukumbi, akainamisha kichwa, jicho likaenda pembeni ukutani. Nilijua lile goti linavyomuuma, lakini nani angemzuia?

"Unamkonyeza fundi," alisema bila kuinua uso. "Haya, umeacha kucheka. Sasa unatazama saa."

Machibya aliruka kutoka kitini. Fundi alichuchumaa, akachungulia kioo kimoja, akakiona kiti cha mtemi chote humo.

"Mayu, mama yangu, nisamehe," Machibya alisema. Sauti ilikuwa imemshuka. "Lakini mimi sina uamuzi. Amri imetoka juu. Kesho vinatoka."

Juu! Kila siku kwetu amri hutoka juu, na huyo wa juu hana sura. Nilimshika Mama mkono nimnyanyue twende zetu. Aliupiga mkono wangu.

"Basi kamlete huyo wa juu," alisema. "Akae hapo kitini aitoe amri yake. Mimi nimeshapiga magoti."