Taa za Programu na Magunia ya Korosho

Ashukuriwe Mungu aliyeiwasha nuru ya kwanza kwa neno lake tu, bila waya wala jenereta, kisha akanipa umri wa kuiona na ile tuliyokodiwa sisi.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kupanda mlima kuja Newala kununua korosho, kazi iliyokuwa ya ushirika peke yake. Mmoja wao alijitolea kufadhili uzinduzi wa kanda ya nyimbo za kwaya yetu. Tulimwomba viti. Akatuletea taa.

"Viti ni mambo ya zamani," alisema. "Siku hizi ni soko huria."

Taa zilifika kutoka Dar es Salaam pamoja na fundi mpole na kisanduku chenye vitufe vingi. Fundi aliisikiliza kanda yetu, akakiamuru kisanduku: hapa nyekundu, hapa buluu, hapa zizime zote, wimbo umekwisha.

"Zikishaanza, mzee, zinajiendesha zenyewe," alinieleza. "Waimbaji wazifuate tu."

Neno hilo liliipendeza mno kamati ya kwaya. Dada yangu, mjane, ndiye aliyeongoza wimbo wa mwisho tangu sote tukiwa na nywele nyeusi, na hakuwahi kuumaliza kwa wakati, kwa jinsi watu walivyoinuka kumtunza zawadi. Kamati ikaazimia kwamba akipitwa na taa, wimbo apewe mwingine.

"Bibi, uimbe kama kwenye kanda," mwenyekiti alimwonya.

"Mwanangu, kanda imewahi kutunzwa kuku?"

Alijibu hivyo mbele yao. Nyumbani nilimkuta ameinamia redio kaseti, akijifunza kuukatisha wimbo pale kanda inapoukatisha. "Mdogo wangu," akaniambia, "wakininyang'anya huu, kanisani nitakuwa nakwenda kukaa tu."

Siku ikafika. Wageni kutoka vijiji vya Mnyambe na Makote walitaka kurudi makwao kabla ya giza, kwa hiyo tukaanza saa tisa alasiri. Taa zikawashwa, na hakuna aliyejua kwamba zimewashwa. Jua lilikuwa limejaa ukumbini. Mfadhili akaagiza magunia matupu kutoka ghalani kwake, tukayapigilia misumari madirishani. Tukawa tumelifukuza jua la bure ili tuione taa ya kukodi. Joto likapanda, vumbi la korosho likatuwasha makoo. Mama mmoja alipoingia aliuliza kwa sauti ya chini, "Jamani, nani amefariki?"

Nyimbo za mwanzo zilikwenda sawa. Mzee aliyekaa karibu nami akauliza, "Hii nyekundu ina maana gani?"

"Furaha."

"Na buluu?"

"Furaha pia."

"Haya," akasema, akajipepea kwa kofia.

Dada akaanza wimbo wa mwisho. Ubeti wa pili, mama mmoja akainuka na vigelegele kwenda kumtunza, akamvika kanga begani. Kwetu wimbo hauendi mbele mtunzaji akiwa njiani. Mwimbaji huuzungusha ubeti uleule mpaka aliyetunza arudi kukaa. Akafuata mwenye kuku, kisha bwana wa Makote na kapu la mihogo. Studio, kanda iliporekodiwa, hakuna aliyekuja na kuku, kwa hiyo kisanduku hakikuwa na habari naye. Kikaenda nyekundu, kikaenda buluu, kikazima. Wimbo umekwisha. Dada alikuwa bado ubeti wa pili.

"Bibi, shuka!" mwenyekiti alipaza sauti gizani. "Taa zimekwisha!"

Sauti ya dada ikapungua. Nilishika benchi.

"Asishuke!" akadakia mama mwingine kutoka nyuma. "Mimi bado sijafika!"

Alikuja akipapasa ukuta, beseni kichwani. Alipojikwaa alidaka gunia la dirishani, likang'oka na misumari yake. Jua likamwagika juu ya dada yangu, kanga begani, kuku kwapani. Watu wakapiga kelele, wakayashusha na mengine. Aliimba beti zote, na jua lilimsubiri.

Mwenyekiti aliwatazama watu, akamtazama yule kuku, akatangaza kwamba wimbo ni wa dada yangu mpaka atakapouacha mwenyewe. Mimi nilipewa kazi ya kutoa shukrani. Nikamshukuru mfadhili wetu kwa taa zote, hasa ile ya mwisho. Alisimama, akainama, akapokea makofi.

Nawe unayesoma, Mungu akujalie watu wasiokubali ushuke kabla ubeti wako haujaisha, na dirisha ambalo hakuna aliyeliziba. Amina.