Ng'ombe Aliyeandikwa Nyama

Jumatatu, tarehe 12 Juni 1995. Baridi, manyunyu tangu alfajiri. Mlima Meru haukuonekana hadi mchana.

Asubuhi hiyo Silantoi, mjane wa Kiranyi, aliteremka mjini akimswaga ng'ombe wake kwenda mahakamani. Nyuma yake alikuja binti yake Nosim, amembeba mwanawe mgongoni na kumvuta ndama kwa kamba. Hati ya mwito ilimtaka shahidi afike na ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe alikuwa kielelezo. Polisi walikwishamweleza Silantoi kwamba kielelezo hukaa mikononi mwa serikali mpaka kesi iishe, na kwamba vielelezo vingine huishia kwenye mnada. Hakuwa na ng'ombe mwingine.

Waliokunywa chai kwenye vibanda vya Sakina miaka ile wanamkumbuka. Alizaliwa kwenye miteremko ya magharibi ya mlima, akaolewa huko huko, akafiwa na mume kabla Nosim hajaota meno ya pili. Alilima mahindi na maharage kwenye kipande chake, na kila asubuhi alishuka hadi barabara ya Nairobi na vibuyu vya maziwa aliyonunua kwa majirani. Biashara zilipofunguliwa, gereji zikaota kama uyoga pande zote mbili za barabara, na mafundi wakawa wengi kuliko vikombe. Silantoi alikausha vibuyu vyake kwa kijinga cha oloirien, ule mti wa zeituni mwitu, hata maziwa yakawa na harufu ya moshi. Wachaga, waliokuwa wengi kwenye gereji hizo, walilalamikia harufu hiyo wiki ya kwanza, na wiki ya pili wakaanza kuifuata.

Kiswahili chake kilikuwa kifupi. Alisema alichotaka kusema, akanyamaza.

Nosim alipata kazi ya kupika katika nyumba ya wageni ya Melkizedeki, mfanyabiashara kutoka Machame aliyeanza na duka la vipuri na sasa alikuwa na mambo mengi. Melkizedeki alikuwa na mke, Agnela, na alikuwa mzee wa kanisa. Mwaka 1994, Nosim alirudi Kiranyi na mimba yake, akajifungua mtoto wa kike, akamwita Ndeshi. Jina hilo linatumika huku na Uchagani pia, kwa hiyo halikumshangaza mtu. Lakini mama yake Melkizedeki naye aliitwa Ndeshi.

Miezi michache baadaye Melkizedeki aligombea udiwani. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, na wapinzani wake walikuwa wakiuliza maswali katika kila kibanda cha chai. Melkizedeki akamwita Elihuruma, aliyeshika hesabu za kampeni yake, Mchaga mwenzake, akampa bahasha ampelekee bibi wa mtoto, na maneno ya kumwambia: familia ile isimtaje.

Silantoi hakuipokea bahasha. Alisema pesa inayoletwa jioni, aliyeileta asikae hata kunywa chai, haina mwenyewe. Elihuruma hakutaka kurudi nayo. Akaona amepata akili: akaenda Ngaramtoni siku ya mnada, akanunua kwa pesa ile ile mtamba mwenye mimba, akampeleka Kiranyi mchana kweupe. Bibi kizee wa Kiarusha atakataaje ng'ombe? Na kweli Silantoi hakukataa. Alimpa kiti, akampa maziwa mgando, akamuuliza ng'ombe anatoka kwa nani. Elihuruma akataja jina. Yale maneno ya kunyamaza yalimshinda kinywani. Bibi alikuwa amefurahi mno. Elihuruma alirudi mjini akamwambia bosi wake kila kitu kiko sawa. Kisha, kwa kuwa gharama ile ilipaswa kuandikwa mahali fulani, akaiandika kwenye hesabu za kampeni kuwa ni nyama ya mkutano.

Jambo ambalo wanaume hao wawili hawakulijua, na ambalo mtoto yeyote wa Kiranyi angewaambia, ni hili: kwa Waarusha, aliyetoa ng'ombe na aliyepokea huacha kuitana kwa majina. Kuanzia siku hiyo kila mmoja humwita mwenzake Pakiteng, yaani yule wa ng'ombe wangu, popote wanapokutana, mbele ya mtu yeyote. Kutomwita hivyo ni kumtukana.

Melkizedeki alishinda. Aliitisha mkutano wa shukrani Sakina, kwenye uwanja wa nyuma ya gereji. Alipomaliza kusema juu ya barabara na maji, Silantoi alipita katikati ya watu hadi mbele, amevaa shuka lake zuri, akamnyooshea Melkizedeki mkono.

"Pakiteng," alimwita, kwa sauti ya kusikiwa hata na aliye nje. "Ng'ombe wetu hajambo. Anakusalimu."

Wachaga walipiga makofi, wakidhani ni baraka. Waarusha walitazamana, halafu kicheko kikaanza nyuma kikaja mpaka mbele. Mtu mmoja wa upande ulioshindwa akamfuata Silantoi, akamuuliza kwa heshima ni ng'ombe gani. Akamweleza yote: alivyokuja, aliletwa na nani, na kwamba ni wa babake Ndeshi. Hakuona kilicho cha kuficha. Malalamiko yakaandikwa, hesabu za kampeni zikafunguliwa, ng'ombe hakuonekana humo. Ilionekana nyama.

Ndipo mabishano ya sheria yakaanza, na yalianza Sakina kabla hayajafika mahakamani. Mafundi waligawanyika. Wengine walisema mtu akifunga mdomo wa mwenzake kwa mali yake mwenyewe, serikali inahusikaje? Wengine walisema huyu alitaka kura zetu, na alichotuficha ndicho tulichopaswa kujua. Silantoi aliwamiminia maziwa wa pande zote mbili. Aliuliza swali moja tu, kila siku: ng'ombe watamchukua?

Siku ya kesi, ng'ombe alifungwa kwenye mjakaranda nje ya mahakama, ndama kando yake, naye alilia kila mara wakili aliposimama.

Sadoki, wakili wa diwani, alikuwa na pingamizi kabla ya yote: kesi yenyewe haina miguu. Alieleza kwamba hakuna sheria inayomwadhibu mtu kwa kumpa jirani zawadi, wala kwa kutotangaza mambo ya nyumbani kwake. Ephraimu, wakili wa serikali, kijana mwenye koti lililomzidi mabega, alijibu kwamba hakumshtaki mtu kwa zawadi. Alimshtaki kwa kuapa mbele ya msimamizi wa uchaguzi kwamba ng'ombe ameliwa na wapiga kura, hali ng'ombe huyo yuko nje na mahakama nzima inamsikia. Hakimu aliinamisha kichwa, watu wakajua anacheka.

Silantoi alipoitwa, aliulizwa kama aliambiwa anyamaze.

"Nani aniambie?" alisema. "Huyu alikunywa maziwa yangu, akashukuru, akaenda." Alimwonyesha Elihuruma.

Elihuruma alisimamishwa kizimbani. Akakiri kwamba alitumwa kulisema neno hilo na hakulisema. Alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba bibi alikuwa amekwishampa kikombe cha pili.

Hapo Sadoki akabadili njia. Alisema sasa imeonekana wazi kwamba haya hayakuwa malipo ya kufunga mdomo, kwa sababu hakuna aliyefungwa mdomo. Ilikuwa ni fidia ya kimila, ile ambayo mwanamume hutoa kwa wazazi wa binti aliyempa mimba. Fidia si gharama ya uchaguzi, na isiyo gharama ya uchaguzi haikupaswa kuwa kwenye hesabu hizo kabisa.

Hakimu aliweka kalamu chini. "Fidia kwa mtoto wa nani, wakili?"

Sadoki alimtazama mteja wake. Melkizedeki alitazama sakafu. Wote waliokuwamo waliuona mtego. Akisema ng'ombe ni wa kuficha siri, anajifunga kwa sheria. Akisema ni wa mtoto, anaachiwa na sheria, lakini anamkiri mtoto mbele ya kanisa zima, na mbele ya Agnela, aliyekaa benchi la pili na mkoba magotini. Sadoki aliomba mapumziko mafupi, akapewa.

Melkizedeki alitoka nje. Manyunyu yalikuwa yamekatika. Alimkuta Silantoi amesimama na ng'ombe, anamkuna shingoni, na Nosim kwenye ngazi, mtoto akijaribu kusimama kwa kushika magoti yake. Alimwamkia bibi shikamoo. Silantoi hakuitika.

"Umenipa ng'ombe," alisema, "na hujui kuniita."

Melkizedeki alisema kwamba hakuwa akiijua mila hiyo; angeijua, asingetoa ng'ombe.

"Sasa unajua. Niite."

Melkizedeki akasema, kwa sauti ndogo, "Pakiteng."

"Pakiteng," alijibu Silantoi, na sasa akampa mkono. "Sikiliza. Ng'ombe wako, wanataka alale polisi. Mtoto wako analala kwangu. Mimi sijui sheria yenu. Najua ukimkana mmoja, umewakana wote wawili."

Agnela alikuwa ametoka, akasimama mlangoni. Alimwangalia mtoto kwa muda, akasema, bila kupandisha sauti, kwamba ule uso alikwishauona kwenye picha ya mama mkwe wake, na kwamba angependa kuambiwa na mumewe kuliko kuambiwa na ng'ombe. Kisha akarudi ndani, akakaa pale pale alipokuwa.

Melkizedeki aliporudi hakumngoja wakili wake. Alisema kwamba mtoto ni wake, na ng'ombe alitokana na mtoto huyo. Alisema alitaka kumficha, akashindwa, na kwamba asingejaribu tena.

Ephraimu alisimama kusema kwamba nia ya kuficha ilikuwapo hata hivyo. Sadoki alisema nia isiyotamkwa haikatiwi hati ya mashtaka. Walibishana mpaka karibu saa tisa, vizuri sana, kwa vifungu na kesi za zamani, na hakimu aliwaacha wabishane. Halafu akaamua. Malipo kwa ajili ya mtoto si gharama ya uchaguzi, na shtaka la kuficha malipo halisimami. Ila nyama isiyokuwapo iliandikwa, na diwani ndiye aliyezitia hesabu hizo sahihi. Kwa hilo yeye na karani wake Elihuruma watajibu, watarudi mwezi ujao. Kuhusu ng'ombe, alisema hakuna hoja tena inayomhitaji, na mwenyewe amwondoe mapema, kwa maana anahitaji kukamuliwa.

Walipanda Kiranyi jua likiwa limetoka mawinguni upande wa magharibi na mlima umefunuka hadi kileleni. Nosim anasema mama yake alikuwa akiimba njiani, lakini kwa pua tu.

Asubuhi iliyofuata Silantoi aliamka kama kawaida, akamkamua ng'ombe, akachagua kibuyu chake kidogo kuliko vyote, akakipitisha kijinga cha oloirien mara mbili. Hakwenda Sakina kwanza. Alivuka mji mpaka Themi, akagonga geti la Melkizedeki. Agnela ndiye aliyefungua. Silantoi akampa kibuyu kwa mikono miwili, akasema ni maziwa ya ng'ombe wao. Agnela alikinusa, akakunja uso kidogo, akamkaribisha ndani. Wakanywa chai, wakizungumza juu ya mvua na bei ya mahindi. Alipoaga, kibuyu kilirudi kimejaa mbegu za maharage, kwani kibuyu hakirudishwi kitupu, na hilo Wachaga nao wanalijua. Kisha akashika njia ya Sakina, ambako mafundi walikuwa wakimsubiri, kazi zimelala.