Walipouliza Umri wa Vernell

Vernell Gadsden alikuwa na miaka kumi na sita na miezi minne siku alipogonga mlango wa fundi viatu Amos Tillery, kaskazini mwa Filadelfia, akaulizia buti za mama yake. Hazikuwapo buti zozote. Alikuwa ametumwa na Rosco, mpenzi wake wa miaka ishirini na mitatu, ili mzee afungue komeo. Mzee alipomwona msichana mdogo mwenye kofia ya sufu, akafungua. Rosco akapita nyuma yake akiwa na bastola. Mlio wa risasi ulipomfikia Vernell, yeye alishafika kona ya mtaa, anakimbia. Alikimbia mpaka nyumbani, akajificha chini ya kitanda alicholala na mdogo wake Earlene, na hapo ndipo polisi walipomtoa kesho yake asubuhi.

Hiyo ilikuwa Machi 1978. Sheria ya jimbo la Pennsylvania haikuwa na maneno mengi kuhusu jambo hilo: ukishiriki wizi na mtu akafa, unafungwa maisha, na maisha maana yake ni kutoka gerezani ndani ya jeneza. Jaji hakuwa na nafasi ya kupima mshtakiwa ana miaka mingapi, nani alimtuma, wala kama aliwahi kushika bastola. Hukumu ilisomwa kwa dakika nne. Vernell hakuielewa.

"Kwa hiyo natoka lini?" alimnong'oneza wakili wake.

Wakili alikuwa anapanga karatasi zake kwenye mkoba.

"Nitatoka kabla shule hazijafunguliwa?"

Mama yake, Lucille, aliyekaa benchi la nyuma, ndiye aliyemjibu, kwa kilio kilichomfanya karani aache kuandika.

Gereza la wanawake lilikuwa mbali, kati ya mashamba ya mahindi. Askari aliyempokea alimtazama juu mpaka chini akasema, "We mtoto, umekuja kumtembelea nani?" Wafungwa wenzake wakacheka, na kwa mwaka mzima jina lake likawa Mgeni. Mwaka huo wa kwanza alilia. Wa pili na wa tatu alipigana, na mara mbili alifungiwa peke yake. Kisha siku moja sinki la jikoni likaziba, fundi kutoka nje akachelewa, na Vernell, ambaye hakuwa na la kufanya, akaliinamia akalifungua kwa mikono. Maji yalipoanza kushuka alihisi kitu ambacho hakuwa amekihisi tangu akamatwe: kwamba yupo, na uwepo wake una faida.

Akajifunza ufundi bomba. Alipofika miaka thelathini alilijua gereza lile kwa mabomba yake, kila kiungo na kila mahali palipoota kutu. Lucille alikuja kila mwezi na basi lililokodiwa na kanisa, akiwa na peremende mfukoni asizoruhusiwa kuziingiza, mpaka 1999 alipofariki. Vernell hakuruhusiwa kwenda kuzika. Siku hiyo alibadilisha vali tano za bafu la wodi ya wazee.

Mtu aliyekaa naye karibu wakati huo ni Doreatha, ambaye walishiriki chumba kimoja kwa miaka kumi na minane. Doreatha naye alifungwa maisha, kwa kosa linalofanana: aliendesha gari wenzake walipoenda kuiba. Alikuwa mcheshi, mwenye sauti kama baragumu.

Basi, Juni 2012, Vernell alikuwa amelala chali chini ya sinki la chumba cha kufulia, spana mkononi, aliposikia baragumu hilo likija korido nzima.

"Vernell! Toka huko chini! Mahakama imesema!"

"Mahakama gani? Subiri nikaze hii."

"Ya Washington, we mwanamke! Ile ya juu kabisa! Achana na hilo bomba!"

Vernell akakaza bomba kwanza. Kisha akakaa sakafuni, Doreatha akamsomea gazeti, herufi kwa herufi kama anasoma barua ya mapenzi. Majaji wa Mahakama ya Juu walisema Katiba inakataza adhabu za kikatili, na kwamba mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Sheria inayomlazimisha jaji kumfungia mtoto milele, bila hata kuutazama utoto wake, inavunja Katiba. Hawakusema wote waachiwe. Walisema jaji lazima aulize: ulikuwa na miaka mingapi? Ulikulia wapi? Nani alikuwa anakusukuma? Na je, unaweza kubadilika?

"Hayo maswali manne," Vernell alisema taratibu, "sikuulizwa hata moja."

Wanawake waliofungwa wakiwa watoto walikumbatiana kwenye foleni ya chakula. Lakini mwaka uliofuata mahakama ya juu ya jimbo ikaamua kwamba hukumu hiyo haiwahusu wale ambao kesi zao zilifungwa zamani. Vernell alikuwa na miaka hamsini na moja. Kwa maneno mengine, utoto wake ulikuwa umepitwa na wakati. Alirudi kwenye mabomba yake. Earlene alipompigia simu na kulia, yeye ndiye aliyembembeleza.

Ikapita miaka mingine miwili na zaidi. Januari 2016, Washington wakaamua tena, na safari hii wakasema wazi: hata wale wa zamani. Vernell aliipata habari hiyo asubuhi, kupitia redio ya askari. Alikimbia kumtafuta Doreatha, akamkuta ameketi kitandani.

"Nimesikia. Hongera, shoga," Doreatha alisema, akatabasamu. Kisha tabasamu likamtoka. "Wiki tatu, Vernell. Nilikuwa nimetimiza kumi na minane wiki tatu kabla ya kuendesha lile gari. Hiyo Katiba yao imesimama mlangoni inakagua vyeti vya kuzaliwa."

Vernell akakaa kando yake, bega kwa bega, mpaka kengele ya kuhesabiwa ilipolia.

Wakili aliyepewa alikuwa binti wa miaka thelathini, Bronislawa Kowalczyk.

"Jina lako lina herufi zote," Vernell alimwambia siku ya kwanza. "Wengine tumebakiziwa nini?"

Binti akacheka, akafungua daftari, akaanza kuuliza. Aliuliza kuhusu nyumba waliyolala watu saba, kuhusu baba aliyeondoka, kuhusu Rosco aliyemnunulia kofia ya sufu na kumpiga wiki hiyo hiyo. Vernell alijibu yote, lakini kila mara alimaliza kwa neno moja: "Hata hivyo, mimi ndiye niliyegonga mlango."

Kesi ya kupangiwa kifungo upya ilisikilizwa majira ya kuchipua, 2017. Mashahidi wakasema yao, askari mstaafu wa gereza akasema yake. Kisha akasimama mwanamume wa makamo mwenye koti la fundi umeme. Alikuwa Leland Tillery, mtoto wa Mzee Amos. Baba yake alipouawa alikuwa na miaka tisa.

"Mheshimiwa," alimwambia jaji, "sina hotuba. Nina swali moja kwa yule mama, kama unaruhusu. Mama yangu alikufa akiliuliza."

Jaji akamtazama Vernell, na Vernell akaitikia kwa kichwa.

"Baba alisema nini? Mwishoni. Alisema kitu?"

Vernell angeweza kutunga jambo zuri. Kwa miaka thelathini na tisa alikuwa ameyatunga mengi akiwa peke yake.

"Sijui, bwana," alisema. "Nilikimbia. Aliniambia 'Karibu, binti, kuna baridi,' akafungua. Hilo ndilo la mwisho nililosikia. Sikurudi kumtazama. Ningerudi, labda ningekuwa na la kukuambia leo. Nisamehe. Hapana, si lazima unisamehe. Lakini ndivyo ilivyokuwa."

Leland aliishika kola ya koti lake kama anayejikinga na baridi.

"'Kuna baridi,'" alisema. "Ndiyo. Huyo ni yeye." Kisha akamgeukia jaji. "Sijamsamehe. Lakini mwanangu ana miaka kumi na sita, na asubuhi hii amesahau viatu vyake kwenye basi. Sitapinga."

Akatoka bila kumwangalia mtu.

Jaji alimpa Vernell miaka thelathini na mitano mpaka maisha, yaani baada ya miaka hiyo angeweza kuomba kuachiwa. Kwa kuwa thelathini na mitano ilishapita, bodi ya kuachia wafungwa ikakaa miezi michache, ikamwachia kwa masharti: atakuwa chini ya uangalizi maisha yake yote.

Earlene alimpokea getini na gari lake dogo la bluu.

"Umenenepa," Vernell alisema.

"Na wewe umezeeka. Ingia kabla hawajabadili mawazo."

Hakukuwa na shangwe kubwa. Alikaa miezi minane kwenye chumba cha juu cha Earlene. Dukani alisimama mbele ya rafu ya sabuni hadi machozi yakamtoka, kwa sababu zilikuwa aina sitini. Kampuni tatu zilimkataa mara tu waliposoma historia yake. Ndipo mashine ya kupashia joto ya kanisa la Earlene ikaharibika katikati ya ibada, na Vernell akashuka chumba cha chini na gauni lake la Jumapili, akapanda baada ya saa moja na masizi puani. Baada ya hapo simu hazikukoma. Wazee wa mtaa walimpenda, maana alifika alipoahidi kufika.

Kila Jumapili alimwandikia Doreatha. Alikwenda pia Harrisburg, mji mkuu wa jimbo, na akina mama wengine kuwaambia wabunge kwamba akili ya mtu haikomai siku ya kukata keki ya miaka kumi na minane. Wengine walisikiliza, wengine walitazama simu zao. Alirudi tena mwaka uliofuata.

Lakini fundi bomba hawezi kubeba mabomba na spana kwenye treni, kwa hiyo akiwa na miaka hamsini na saba akaamua kujifunza udereva. Alifeli mara mbili. Mara ya tatu, mtahini, kijana mwenye masharubu membamba, alishusha karatasi magotini.

"Mama, pale kwenye alama ya kusimama umesimama dakika nzima."

"Nilikuwa nahakikisha."

"Umehakikisha mpaka nimezeeka. Haya, umepita. Punguza kuhakikisha."

Earlene alikuwa anasubiri nje na kahawa mbili. Alipoona uso wa dada yake, akapiga kelele hadi watu wakageuka.

"Haya, dereva! Nipeleke baharini!"

"Bahari iko New Jersey, jimbo jingine. Lazima nimwombe ruhusa afisa wangu wa uangalizi kwanza."

"Basi nipeleke popote."

Simu ya Vernell ikaita. Bibi mmoja wa mtaa wa Cumberland, sinki lake linamwaga maji jikoni kote.

"Nakuja, mama. Funga vali iliyo chini, ile nyekundu. Dakika ishirini." Akakata, wakaingia kwenye gari la bluu, akafunga mkanda, akarekebisha kioo. "Utanishikia taa," alimwambia Earlene, akawasha indiketa, akatazama kushoto, kulia, na kushoto tena, kisha akaingia barabarani.