Koti la Ta Byabato na Kemia ya Koku

Nani kasema kemia haina hela? Wewe? Kaa hapo hapo, usiinuke, nikwambie aibu yangu, maana mimi niliitetea kemia mpaka mzee akavukwa na koti mbele ya kanisa (na wala sikumgusa).

Uhuru ulikuwa bado mchanga. Dada yangu Koku kapata nafasi chuo kikuu Dar es Salaam, akasome kemia. Serikali inalipa sehemu, inayobaki juu yetu, na kwenye ukoo wetu pale Nshamba mwenye hela alikuwa mmoja tu, baba mkubwa, Ta Byabato, mwenye duka Bilele, mjini. Ijumaa akaja kupiga hesabu na Tata, baba yetu. Anakunywa lubisi, pombe yetu ya ndizi, anapanga punje za kahawa mezani: hizi nitakazomkopesha, hizi mshahara wake akimaliza. Upande wa mshahara hakuna punje hata moja!

"Mwalimu namjua, karani namjua," anasema. "Mkemia analipwa na nani?"

Moto ukanipanda. (Niliishia darasa la nne, lakini madaftari ya Koku niliyasoma yote, karibu yote.) Nikapiga meza, kibuyu chali, lubisi yote kwenye koti lake la sufu, lile analovaa juu ya kanzu.

"Waitu, baba mkubwa, doa hilo nitalitoa kwa kemia! Likitoka, mkopeshe!"

"Na lisipotoka?"

"Asiende!"

Mzee akalivua koti, akanitupia. Ona mdomo huu. Koku mwenyewe hayupo, yuko Kitendaguro anaaga shangazi, mimi nimeshamchezea kamari.

Jumamosi nikachoma maganda ya ndizi, nikachuja maji ya majivu, nikatia chokaa yakolee, nikachemsha. Daftari lilisema utie na mafuta ndipo iwe sabuni, lakini ya Mama yalikuwa kidogo, nikasema aah, mafuta ni madoido tu. Nikaloweka koti tangu asubuhi mpaka jioni, na doa likatoka! Nikacheza peke yangu kibanjani. Koti lilikuwa limelegea kidogo kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, nikadhani ndiyo usafi wenyewe, nikalikausha jikoni, nikalipiga pasi, nikampelekea mwenyewe.

Jumapili baada ya misa Ta Byabato anatamba uwanjani, watu wanalisifu koti, na Koku huyo anashuka kwenye basi. Mzee akainua mkono amwite. Mkono ukapanda, mkono wa koti ukabaki chini. Kisha kola. Kisha mgongo ukaachia taratibu, watoto wanaokota, padri kaficha uso kwenye leso, mabega yanamtikisika. Mzee naye kaanza kujikuna shingo.

Koku akanusa kipande, akanitazama. "Majivu na chokaa? Bila mafuta?"

"Kidogo tu..."

"Mvueni! Leteni maji mengi, mumwoshe shingo! Maji hayo yanakula sufu, na ngozi pia. Pamba ingepona."

Mzee akaoshwa pale pale kama mtoto, muwasho ukatulia. Akavuta pumzi.

"Kumbe mkemia analipwa kuzuia wajinga kama huyu! Hata mimi ningemlipa leo. Koku, nakukopesha. Na wewe," akanigeukia, "deni la koti ni lako."

Tangu siku ile nafua shati langu tu, kwa sabuni ya dukani. Koku alimaliza, akaajiriwa maabara, na msimu wa tatu wa kahawa deni lake likaisha. La koti mimi nalilipa gunia kwa gunia, mpaka leo.

Haya, nijibu: kati ya mkemia na mimi, nani bado anadaiwa?