Siku Ng'ombe Arobaini Walipopima Zege Langu

Nianze kwa kukiri mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine: yule mhandisi wa kwenye video, aliyesimama chini ya jukwaa la ghala pale Tarime huku anamwagikiwa na vitu kutoka juu, ni mimi, Bhoke, na lile shati lilikuwa jeupe.

Kazi ilikuwa kupanua ghala la Mzee Mwita pale Bomani, linalogawa unga, sabuni na mafuta ya kula kwa maduka hadi kule Machochwe. Nyuma ya ghala ardhi inashuka bondeni, kwa hiyo sakafu mpya nikaiinua juu ya nguzo kama jukwaa, na ubishi ukaanzia hapo, maana Fundi Chacha, aliyejenga ghala la zamani, alimwambia mzee kwamba sakafu isiyokalia udongo itaanguka na wapakuaji wake, na mzee akamwamini (Fundi ana mvi, mimi ndiyo kwanza nasimamia kazi peke yangu). Zege likakomaa, malori yakasubiri, mzee akagoma kupokea kazi. Nisipomridhisha wiki ile, Fundi Chacha avunje jukwaa langu na kujaza kifusi.

Ningeweza kusema tu, mzee, tupange mifuko ya mchanga juu tupime, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini nilikuwa nimechoka kudharauliwa, mdomo ukaniponyoka.

"Shikamoo mzee. Sakafu hiyo hata ukipandisha ng'ombe zako zote, inabeba."

Sasa mimi ni binti wa Kikurya, nimezaliwa Kenyamonta kwenye zizi kabisa, nilipaswa kujua kwamba ukimtajia mzee wa kwetu ng'ombe zake hujatania, umeahidi. Akanijibu palepale.

"Marahaba. Kesho saa nne. Na wewe usimame chini."

Nikarudia hesabu mara tatu, zikakubali (ng'ombe anayetembea anaisumbua sakafu kuliko mfuko uliolala, lakini zikakubali). Saa nne nusu ya Bomani ilikuwa imefika, simu mkononi. Nikafunga kamba kati ya nguzo mbili, nikasimama na rula katikati, ambako sakafu hupinda zaidi, nisome inaisogelea kamba kiasi gani. Katikati hapohapo ndipo nilipoacha tundu la kutolea maji ya kuoshea, na mteremko mzuri wa kuyaleta pale. Bomba lilikuwa bado halijafungwa.

Ng'ombe arobaini wakapanda. Juu ya kichwa changu kwato zikaanza kunguruma, nikaikodolea macho rula: sakafu ikashuka milimita mbili, kama nilivyokokotoa, ikatulia. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga, na tone la kwanza lililonidondokea nikadhani ni machozi yenyewe.

Mnajua ng'ombe akiwa mahali asipopazoea anafanya nini. Sasa pigeni mara arobaini, halafu kumbukeni ule mteremko wangu (sijawahi kuona mteremko unaofanya kazi vizuri namna ile). Vyote vikaja kwenye tundu, na tundu lilikuwa juu yangu.

Nikainua mguu niondoke, nikamsikia Fundi Chacha anawaambia watu, "Mwangalieni huyo. Akitoka tu, mjue imepasuka."

Mguu nikaurudisha. Kukimbia mkojo au kukimbia zege, kwa pale nje ilikuwa kitu kilekile. Nikasimama robo saa nzima, macho nimefumba, rula nimeishika, huku watu wanacheka mpaka wanakaa chini.

Ng'ombe walipoteremshwa, Mzee Mwita akaingia chini ya jukwaa na tochi. Akapapasa nguzo moja moja, akamulika sakafu kona hadi kona, hakukuta ufa. Ndipo akanigeukia, na kicheko kikakatika.

"Mura," akasema, neno ambalo wazee wetu humwita kijana wa kiume aliye jasiri, na mimi sikuwahi kusikia mwanamke akiitwa hivyo, "kazi nimeipokea. Nenda ukaoge."

Aliyeniletea ndoo ya maji ni Fundi Chacha mwenyewe, na kipande cha sabuni kutoka humohumo ghalani. Siku hizi ananiita tushauriane, na malori yanapakia pale kila asubuhi.

Lakini tangu siku ile nimeapa: tundu la maji nalichora pembeni, na sakafu napima kwa mifuko ya mchanga. Mchanga hauna tumbo.