Kina Mama Wote wa Januari Mosi

Leo serikali ya nchi ya mbali imeniita mwongo, kwa heshima kabisa.

Tuliiomba ruzuku ya utafiti, tujue kwa nini kina mama wa Sangailu, huku kwetu Garissa, wanafia njiani wakipelekwa kujifungua. Mimi ndiye niliyeandika majina na tarehe.

Jibu limefika asubuhi. Wamekataa.

Sababu? Karibu kila mama tuliyemhoji kwa majaribio amezaliwa tarehe mosi Januari. Wanashuku tumebuni watu.

Ndugu zangu wa Garissa, hebu toeni vitambulisho vya mama zenu muone. Mtu akimwambia afisa wa usajili "nilizaliwa mwaka wa ukame," ataandikiwa nini kama si Januari mosi?

Nilinakili vitambulisho kama vilivyo. Mimi, mtu wa shajara ya kila siku, sikukumbuka kuongeza sentensi moja ya maelezo. Moja tu!

Nikampigia Habaryar Dahabo, mdogo wake mama. Binti yake Sahra alitokwa damu akafa kabla ya kufika hospitali. Yeye ndiye wa kwanza kukubali kuhojiwa.

"Habaryar, wanasema tarehe zetu si za kweli."

"Yangu siijui, wallahi," akasema. "Lakini Sahra alikufa Jumanne, kabla ya alasiri. Hiyo naijua. Iandike, uwapelekee."

Nimeiandika.

Barua yao inasema hawapokei maelezo zaidi. Hilo sijamwambia. Nyinyi mngemwambia?